Ukurasa Wenye Nukta Moja

Ibada ilikuwa imekwisha, na mimi nilikuwa nimeshafungua mlango wa gari, mama mmoja aliponifuata mbio kwenye maegesho ya kanisa, koti lake halijafungwa vifungo. Ilikuwa Januari, na baridi ya Laurel, mji wetu huku Marekani, siku hiyo ilikuwa ya kuuma masikio. Nilimfahamu kwa sura tu. Alikuwa akiketi upande wa kulia pamoja na familia nyingine zilizotoka Bukavu, na tukiimba, sauti yake ilikuwa ikipaa juu ya sauti zetu sote. Sasa alisimama mbele yangu akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Yaya, unisamehe," alisema. "Banasema we ulikuwa mwalimu."

Kwetu Kenya yaya ni msichana wa kulea watoto. Ilinichukua muda kidogo kukumbuka kwamba kwa Wakongo yaya ni dada mkubwa, na kwamba hapo nilikuwa nimepewa heshima, si kazi. Ingawa kazi nayo alikuwa amekuja nayo.

Karatasi ile ilitoka ofisi ya elimu ya kaunti. Binti yake alikuwa na miaka kumi na mmoja na alisomea nyumbani, na kila baada ya miezi kadhaa mkaguzi alikutana na mzazi kuangalia kazi za mtoto. Mkaguzi alikuwa ameandika kwamba hesabu ni nzuri sana, sayansi nzuri sana, na kusoma kunapita umri wake. Kisha chini kabisa, kwa sentensi mbili za adabu, akasema kazi za kuandika ni chache mno, na hizo chache ziko nyuma sana. Kwenye ukaguzi wa Juni angependa kuona maendeleo.

"Minasikia haya," mama alisema. "Batasema sikumusomesha mutoto."

Nilimweleza ukweli wangu. Nilifundisha shule ya msingi kule Nyahururu kwa miaka kumi na saba, Kiingereza na Kiswahili, madarasa ya juu. Lakini tangu nije Marekani sijashika chaki. Kazi yangu hapa ni kuwahudumia wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwavalisha soksi. Hapa mimi si mwalimu wa mtu.

Alinitazama kama mtu anayesikia kisingizio cha mtoto. "Mi kule nilikuwa wa kwanza darasani, kila mwaka, kwa Kifaransa. Hapa mutu ananiuliza kama najua kusoma. Lakini bado najua, yaya. Na we, bado uko mwalimu."

Nilikubali Jumamosi moja. Nilitamka neno hilo waziwazi: moja.

Waliishi orofa ya tano kwenye jengo refu karibu na barabara kuu, mama, binti, na nyanya ambaye goti lake moja lilikuwa limekufa ganzi. Nyanya alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, akichambua majani ya muhogo yaliyogandishwa kana kwamba ametoka kuyachuma mwenyewe. Binti alikuwa mrefu kuliko nilivyotarajia, mwenye miguu mirefu asiyojua pa kuiweka. Alinisalimia kwa Kiingereza. Kiswahili alikielewa chote, cha mama yake na cha kwangu, ila majibu yake yote yalitoka kwa Kiingereza, kama watoto wetu wengi huku.

"Anti," aliniuliza kabla sijavua koti, "unajua kwamba pweza ana mioyo mitatu?"

Sikujua. Basi akanieleza. Alisimama katikati ya sebule akatumia mikono, mabega na nyusi, akanieleza jinsi moyo mmoja unavyosimama pweza anapoogelea, na ndiyo maana anapenda kutambaa, kwa sababu kuogelea kunamchosha. Alinieleza jinsi pweza anavyofungua chupa. Aliongea kwa mpangilio, akaniacha na hamu pale alipotaka niwe na hamu, akamaliza kwa kicheko. Nilijisemea, huyu ndiye mtoto aliyeko nyuma?

"Vizuri sana," nikasema. "Sasa kaa hapa uniandikie yote uliyosema."

Uso wake ulizimika. Aliketi mezani, akaishika penseli kwa ngumi. Dakika arobaini zilipita. Mama yake alijifanya anaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Hatimaye binti akanisukumia karatasi, akageuka upande wa dirisha.

Ulikuwa ukurasa mmoja wenye nukta moja, mwishoni kabisa, iliyokandamizwa mpaka ikatoboa karatasi. Hapakuwa na herufi kubwa hata kwenye neno la kwanza. Sentensi zilikuwa zimefungwa pamoja kwa "and" na "and" nyingine, kama mbuzi waliofungwa kamba moja. Mtu mmoja alipewa kitenzi cha wengi, na wengi wakapewa cha mmoja. Jambo la jana na la kesho yaliishi chumba kimoja. Na pweza mwenyewe hakuwamo. Kile kiumbe kilichokuwa kimetambaa sebuleni dakika chache kabla kilikuwa kimepotelea njiani, kati ya mdomo na penseli.

Nilirudi Jumamosi ya pili. Bila shaka hata mimi nilijua kwamba "moja" yangu haikuwa na nguvu.

Jumamosi hiyo ya pili nilifanya nilichokuwa nimezoea kufanya miaka yote kumi na saba. Nilitoa kalamu nyekundu. Nilimwandikisha ukurasa mwingine, nikausahihisha mbele yake, kosa kwa kosa, kwa haki na kwa ukamilifu. Nilipomaliza, karatasi ilikuwa na wekundu mwingi kuliko risasi ya penseli. Nilikuwa najivunia kazi yangu. Wanafunzi wangu wa Nyahururu walifaulu mitihani kwa kalamu ile ile.

Binti aliitazama karatasi. Alisimama, akaenda msalani, akafunga mlango kwa ndani, na hakutoka.

Tulimsubiri. Mama alibisha, hakujibiwa. Nyanya alijikokota kutoka dirishani mpaka ukutani, akaegemea mlango wa msalani, akaanza kuongea kwa sauti ya chini, kwa lugha yao ya nyumbani ambayo sikuielewa. Aliongea muda mrefu. Sikuelewa hata neno moja, na bado nilijua mimi ndiye niliyekuwa nikisemwa, na kwamba nilikuwa nikitetewa kuliko nilivyostahili.

Mama aliketi kiti alichoacha binti. "Nikuambie kitu, yaya," alisema. "Mi njo nilikosea, si mutoto. Shule zilifungwa wakati wa korona, yeye iko darasa la kwanza. Nikamufundisha hapa, akawa anafahamu mbio, nikasema basi, abaki. Hesabu najua. Biblia najua. Sayansi tunasoma pamoja. Lakini kuandika Kiingereza, niliogopa. Nilisema, nikimufundisha na makosa yangu, atabeba makosa yangu maisha yake yote. Njo nikaacha."

Niliikunja karatasi nyekundu nikaitia mkobani. Nilitaka isionekane na mtu, hasa mimi. Nilikuwa nimeona mtoto anayeogopa kukosea akilelewa na mama anayeogopa kukosea, na mchango wangu ulikuwa kuwaonyesha wote wawili kwamba hofu yao ilikuwa na msingi. Nikiwa njiani kurudi, nikiwa nimekwama kwenye taa nyekundu huku treni ya Washington ikipita, niliwakumbuka baadhi ya watoto wa Nyahururu. Si wale waliofaulu. Nilimkumbuka mmoja aliyekuwa mcheshi kuliko wote uwanjani na ambaye insha zake zilikuwa na mistari minne tu, kila muhula. Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Jumamosi ya tatu nilienda bila kalamu nyekundu. Binti alikuja mezani kwa sababu alilazimishwa. Nilimwambia, "Leo ninaandika mimi. Wewe niambie habari za pweza tena."

Alinitazama kwa mashaka. Lakini pweza alimshinda. Baada ya sentensi tatu alikuwa amesimama. Niliandika kila neno kama lilivyotoka, na kwa makusudi sikuweka nukta, wala koma, wala herufi kubwa. Kisha nikampa karatasi. "Nisomee kwa sauti. Usipumue mpaka uone mahali karatasi inakuruhusu."

Alianza. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, sauti ikapanda, macho yakamtoka, akafika wa tano akapasuka kwa kukohoa na kucheka pamoja.

"Anti, hakuna pa kupumua!"

"Nani ameandika hivi?"

"Wewe."

"Maneno ni ya nani?"

"Yangu. Lakini mimi siongei hivi. Mimi huwa nasimama."

"Huwa unasimama wapi?"

Alichukua kalamu ya rangi ya kijani kutoka kwenye kopo, bila kuambiwa, akaanza kutembea juu ya maneno yake mwenyewe huku akinong'ona. Hapa. Na hapa. Hapa kidogo tu, siyo kusimama kabisa. Aliweka nukta kumi na moja na koma tano. Mbili tu kati ya hizo koma ndizo zilizokosea mahali. Alipomaliza alisoma tena kwa sauti, na pweza akarudi chumbani, mzima, na mioyo yake yote. Kutoka dirishani nyanya akasema, "Eeeh!" ingawa Kiingereza hakukijua.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ngumu, lakini ilikuwa kazi. Sikuhesabu tena Jumamosi.

Tulikuwa na adui mmoja kwa wiki mbili au tatu, kisha tunahamia kwa mwingine. Alipomaliza nukta alikutana na herufi kubwa, akazishinda kwa siku chache. Vitenzi vilimsumbua zaidi. Hakusikia tofauti kati ya ndege mmoja anayeruka na ndege wengi wanaoruka. Kwa Kiingereza tofauti yenyewe ni herufi moja nyembamba, ile s ya mwisho wa kitenzi. Nilieleza kwa njia zote nilizozijua, na zote zikamteleza. Siku moja, kwa kukata tamaa, niliangusha kitabu sakafuni.

"Nikisema 'kitabu vimeanguka', unasikiaje?"

Alikunja uso kana kwamba amelamba ndimu. "Inakwaruza."

"Kwa nini?"

"Sijui. Inakwaruza tu."

Niliangusha cha pili. "Na mama yako angesemaje sasa?"

Alifikiri. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinijibu kwa Kiswahili, Kiswahili cha mama yake. "Bitabu bimeanguka."

Mama jikoni aliacha kukoroga chungu.

"Umesikia?" nikasema. "Kichwa kikibadilika, mkia unafuata. Hukufundishwa na mtu, sikio lako linajua. Kiingereza nacho kina mkia, ila wake ni mfupi, na uko nyuma ya kitenzi. Usipouangalia unatoroka."

Alikwenda akiwinda mikia kwenye kila ukurasa. Aliipata kwenye pakiti za nafaka, kwenye matangazo ya kanisa, na mara moja, kwa furaha isiyo na huruma, kwenye ujumbe niliomtumia mama yake.

Mama naye alipata nafasi yake. Mwishoni mwa Februari aliniuliza, kwa aibu, kama anaweza kuwa anamfanyisha mtoto dikte siku za katikati ya wiki, vile walivyofanya wao shuleni Bukavu: mwalimu anasoma polepole, mwanafunzi anaandika, kisha wanalinganisha na kitabu. Nilimwambia hakuna dawa bora kuliko hiyo. "Lakini matamshi yangu, yaya?" aliuliza. Nikamwambia kitabu ndicho kitakachosahihisha, si yeye. Baada ya wiki mbili nilikuta madaftari mawili mezani. Mama naye alikuwa akifanya dikte. Binti alikuwa akimsomea, polepole, kwa subira ambayo mimi sikuwa nayo, na alipomaliza walilinganisha wote wawili na kupiga kelele juu ya makosa yao.

Mwezi wa Machi lifti ya jengo ikaharibika.

"Asanseri ilikufa tena," mama aliniambia mlangoni nilipofika nikihema. Alikuwa amepiga simu ofisini mara kadhaa. Kila mara aliambiwa fundi ameshaitwa. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Nyanya hakuweza kushuka ngazi zile. Jumapili alibaki akisikiliza ibada kwenye simu. Siku ya kliniki ya goti ilipofika, ilibidi iahirishwe. Majani ya muhogo hakuyachambua tena. Alikaa tu akitazama maegesho chini.

Jumamosi ya nne ya lifti kufa, binti alinisubiri mezani na karatasi tayari. "Nimewaandikia," alisema.

Mimi sikumwambia aandike. Nasema hivi kwa sababu baadaye watu walinipongeza kwa wazo hilo, na wazo halikuwa langu.

Barua ya kwanza ilikuwa ya matusi. Nukta zilikuwa mahali pake, herufi kubwa zilikuwa kubwa, mikia yote ilikuwepo, na kwa sarufi hiyo safi alikuwa amewaita wasimamizi wa jengo majina ambayo sitayaandika hapa. Nilimsifu kwa nukta. Kisha nikamuuliza, "Nani ataisoma?"

"Meneja."

"Akifika mstari wa pili atafanya nini?"

"Ataitupa."

"Sasa unataka umkasirishe, au unataka lifti?"

Alitaka vyote viwili, na alisema hivyo. Lakini alianza upya. Barua ya pili ilikuwa ya upole mno, kama mtu anayeomba radhi kwa kuwa na nyanya. Ya tatu ilikuwa ndefu. Kabla ya ya nne alishuka ngazi na daftari, akasimama kwenye kila orofa akawauliza watu. Mama mmoja wa orofa ya tatu alikuwa akipandisha mapacha mmoja mmoja, akimwacha wa pili akilia chini. Mzee wa orofa ya nne, mwenye fimbo, alikuwa amenunua chakula cha mwezi mzima ili asilazimike kutoka. Yote haya aliyaandika, na aliuliza maswali ya sarufi ambayo hakuna mazoezi yangu yaliyowahi kumfanya aulize. Jambo lililoanza zamani na linaendelea mpaka sasa, Kiingereza hulisemaje? Nikimnukuu yule mzee, alama zinakaa wapi? Aliuliza kama fundi anayeomba spana.

Kwenye barua ya tano tuligombana. Kulikuwa na sentensi katikati, peke yake katika aya yake: "Bibi yangu hajakanyaga ardhi tangu tarehe tisa Machi." Nilimwambia aitoe. Barua rasmi, nilisema, husema mtu hajaweza kutoka nje ya nyumba. Kukanyaga ardhi ni lugha ya hadithi.

"Lakini ndivyo ilivyo," alisema. "Akiwa hapa hakanyagi ardhi. Anakanyaga dari ya watu."

"Meneja hataielewa."

"Anti, ataelewa." Hakuwa akilia, na hakuwa anaelekea msalani. Alikuwa ameweka kiganja juu ya sentensi yake kama mtu anayekinga sahani. "Hiyo haitoki."

Niliisoma tena, kimoyomoyo, nikitafuta kosa. Halikuwepo. Niliisoma kama mtu asiyemjua nyanya, kisha nikageuka kumtazama pale dirishani. Miaka kumi na saba nilifundisha watoto kuandika kama barua za serikali, na huyu alikuwa ameandika sentensi moja ambayo barua zote nilizowahi kusahihisha hazikuwa nayo.

"Haitoki," nikakubali.

Barua ya sita ndiyo iliyopelekwa. Majirani kumi na wanne walitia sahihi. Mwisho wake ulisema, kwa adabu kamili, kwamba nakala itatumwa kwa ofisi ya makazi ya mji iwapo hawatapata jibu ndani ya siku kumi. Mama, binti na mimi tuliingia ofisini pamoja Jumatatu asubuhi. Nilikuwa nimeomba kubadilishana zamu. Meneja, mwanamume mchovu mwenye shati lililokunjamana, aliichukua barua akiwa bado anaangalia kompyuta. Kisha akaacha kuangalia kompyuta. Aliisoma mpaka mwisho, akarudi katikati.

"Nani amewaandikia hii?" aliuliza, akinitazama mimi.

"Mutoto wangu," mama alisema, kisha akarudia kwa Kiingereza, polepole na wazi, akimwekea mkono begani. "Ameandika yeye."

Meneja alimtazama binti. Binti hakuangalia chini. "Ni rasimu ya sita," alisema.

Siku nane baadaye mafundi wawili walikuja na masanduku ya vyuma. Walifanya kazi siku mbili. Siku ya tatu mama alinipigia simu nikiwa kazini, na nilichosikia kwanza kilikuwa mlio wa lifti ikifunguka, ting, kisha watu wakipiga makofi.

Jumapili iliyofuata nilipitia kwao kabla ya ibada ili nione mwenyewe. Nyanya alivaa kitenge cha bluu na kilemba cha kufanana, viatu vya ibada, na mkufu. Mlango wa lifti ulipofunguka chini, mama wa mapacha alikuwa pale na kigari chake, na mzee wa fimbo alikuwa pale, na wengine ambao sikuwajua. Nyanya aliwapita wote kama malkia, akatoka nje, akapita njia ya saruji, akasimama kwenye nyasi. Alizikanyaga mara mbili, kwa mguu mzuri na kwa ule mbovu. Kisha akasema kitu kwa lugha yao, na binti akacheka mpaka akainama.

"Amesema nini?"

"Amesema nyasi zimelowa, na kwamba viatu hivi ni vya kanisani, kwa hiyo tuache kushangaa, twende."

Juni ilifika. Ukaguzi ulifanyika kwenye chumba kidogo cha maktaba ya umma. Mama aliniomba niketi nao, na mkaguzi hakuwa na kipingamizi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, asiyetabasamu ovyo. Mama alikuwa amepanga kila kitu kwenye jalada moja nene. Kulikuwa na madaftari ya dikte, kurasa za pweza, na ule ukurasa wa Januari wenye nukta moja, ambao mimi nilitaka tuuache nyumbani na mama akakataa. "Aone tulipotoka," alisema.

Mkaguzi alifunua kurasa. Alipofika kwenye barua alizitandaza zote sita mezani kwa mpangilio, kuanzia ile ya matusi. Aliposoma ile ya matusi alikohoa kidogo, na nadhani alikuwa anaficha kicheko. Aliisoma ya sita mara mbili. Kisha akavua miwani.

"Niambie," alimwambia binti, si mama, wala si mimi, "kwa nini sentensi hii ina aya yake peke yake?"

Binti alivuta kiti mbele. "Kwa sababu nilitaka msomaji asimame pale," alisema. "Kama ningeiweka pamoja na nyingine angepita haraka."

Mkaguzi akamuuliza swali jingine, na jingine. Kwa nini koma hapa na nukta pale. Kwa nini mapacha wametajwa kabla ya mzee. Binti alijibu yote, akinyoosha kidole kwenye kurasa, na sijui ni saa ngapi alianza kuongea kwa mikono yote miwili kama alivyoongea siku ya kwanza, tofauti ni kwamba sasa aliongea juu ya sentensi zake. Mama aliketi wima kabisa, mikono juu ya mkoba, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Mkaguzi aliandika kwenye fomu yake. Alimgeukia mama na kumwambia kwamba kila kitu kiko sawa, kuandika kukiwemo. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Umefanya kazi nzuri sana. Watoto wachache huweza kueleza kwa nini waliandika walivyoandika."

Mama alimshukuru kwa Kiingereza kilichonyooka, akafunga jalada, akatoka taratibu mpaka kwenye ukumbi wa vitabu, katikati ya rafu na watu waliokaa kimya na kompyuta zao. Hapo ndipo alipoweka jalada chini, akaelekeza uso juu, akapiga vigelegele. Vilikuwa vile vya harusi, virefu, vya ulimi kutetemeka. Watu wote waliinua vichwa. Binti alijifunika uso kwa mikono. Mhudumu wa maktaba alisimama kutoka kwenye dawati lake, akamtazama mama, akamtazama binti, akakaa tena.

Mimi nikapiga vyangu. Miaka mingi sikuwa nimepiga. Vilianza vibaya kama gari lililolala kwenye baridi, kisha vikashika.

Majira ya kiangazi nilituma vyeti vyangu vya ualimu vikafanyiwe tathmini, jambo nililokuwa nimeliahirisha tangu nifike nchi hii. Nilijaza fomu zile kwenye meza ya orofa ya tano, na mtu wa miaka kumi na mmoja, aliyekuwa karibu kutimiza kumi na miwili, alizipitia kabla sijazituma. Alikuta mkia mmoja umetoroka. Sasa ninasaidia darasani siku tatu kwa wiki, nikisubiri leseni kamili; siku nyingine bado niko na wazee wangu.

Septemba binti aliamua kujaribu shule. Uamuzi ulikuwa wake; mama alimwambia mlango wa nyumbani uko wazi akitaka kurudi. Wiki ya tatu alinipigia simu yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amewahi kufanya. Alikuwa amerudishiwa insha yake ya kwanza, ikiwa na alama ya juu. Lakini hakuwa amepiga simu kuhusu alama.

"Anti," alisema, na akaendelea kwa Kiswahili, polepole, akichanganya cha mama yake na changu, "mwalimu aliondoa koma yangu moja. Lakini ile koma iko mahali yake. Kesho nitamwambia."

"Utamwambiaje?"

Alikuwa tayari ameandika atakayomwambia. Alinisomea yote, na hakuna mahali alipokosa pumzi.